Nilisema Mdhamini

Jina lake la kwenye cheti lipo, lakini pale mahakamani hakuna anayelijua. Wanamwita Koma. Aliyempa jina hilo ni Mzee Mihuri, mwenye duka la kuchapa hati mkabala na lango la mahakama. Ilikuwa siku ya tatu tangu amwajiri, na msichana alikuwa amemrudishia hati moja mara nne kwa sababu ya koma iliyokosekana. Mzee alivua miwani, akamtazama weee, akasema haya, Koma, umeshinda. Jina likaganda. Tabu yake ni moja tu: ukimwita kwa sauti barabarani, watu wanageuka wakidhani kuna mtu anaonywa.

Duka lenyewe ni chumba kimoja chembamba. Lina kompyuta mbili, mashine ya nakala inayokohoa kila ikiwashwa, kabati la mihuri, na benchi la wateja lililotiwa kadibodi chini ya mguu mmoja lisitikisike. Humo zinachapwa hati za viapo, mikataba ya upangaji, barua za madai, na zaidi ya yote fomu za dhamana. Kila asubuhi wanaingia watu wenye macho mekundu, ndugu yao yuko mahabusu, wanauliza mdhamini anatakiwa awe na nini. Koma huwaeleza mpaka mate yanamkauka: mdhamini haji hapa kulipa, mdhamini anakuja kusema namjua huyu, akiitwa atafika. Alikuwa anayasema hayo mara kumi kwa siku. Yashike hayo, maana tutayarudia, na tukiyarudia hutacheka.

Mzee Mihuri alikuwa na sheria yake moja, nayo ilikuwa kali kuliko za mahakamani. Hakuna anayetia saini dukani kwake kabla hati haijasomwa kwa sauti mara mbili, kidole kikitembea chini ya mstari. Uwe nani, uwe na haraka gani. Kuna wakili mmoja alimwambia hakimu anamsubiri, Mzee akamjibu kwamba basi aende, hati yenyewe haina miguu, ataikuta. Wakili akakaa akasikiliza. Koma alipenda sana habari hiyo, na alikuwa akiwasimulia wateja kama vile alikuwepo.

Aliingia dukani mwaka mmoja baada ya kumaliza shule, akakaa miaka miwili, na miaka yote miwili jambo lilikuwa lile lile: anataka kusoma sheria. Siyo kutamani tu kama watoto wanavyotamani urubani. Alikuwa akiona watu wanavyosimama pale langoni na makaratasi wasiyoyaelewa, wanasaini popote wanapoonyeshwa, na roho ilikuwa inamuuma. Akaomba vyuo viwili. Barua zikaja wiki moja, vyuo vyote viwili vimemkubali, na hapo ndipo usingizi ulipoanza kumpaa.

Cha kwanza watu hukiita Chuo cha Mnara, kwa sababu ya mnara wa saa ulio juu ya ukumbi wake. Nusu ya majaji wametoka pale, na nusu nyingine wanatamani wangetoka pale. Barua yake ilikuwa ya karatasi nzito, yenye nembo ukiipapasa unaisikia kwa kidole. Ilimpongeza kwa aya mbili nzima, halafu chini kabisa ikamwambia atapunguziwa robo ya ada, tena ya mwaka wa kwanza pekee. Hayo mengine ajue mwenyewe na wazazi wake.

Cha pili ni Chuo cha Bondeni. Umri wake miaka kumi na miwili, majengo yake yalikuwa kiwanda cha viatu, na wenye maneno yao husema mvua ikinyesha bado panatoa harufu ya gundi. Barua ya Bondeni ilikuwa ya karatasi nyepesi, imekunjwa vibaya. Lakini ilisema kwamba Mfuko wa Ufadhili wa chuo utamlipia kila kitu kwa miaka yote minne: ada, vitabu, chumba cha kulala. Nafasi hiyo hutolewa moja tu kwa mwaka, na mwaka huu ilikuwa yake.

Koma hakukimbilia kuamua. Alivitembelea vyote viwili, Jumamosi mbili mfululizo. Mnara, yeye na wageni wengine walizungushwa na kijana mwenye tai, akawaonyesha picha za wakuu wa zamani ukutani na meza aliyosomea jaji fulani. Koma akauliza wanafunzi wangapi hupunguziwa ada mwaka wa pili. Kijana akatabasamu, akasema swali zuri, akaendelea na picha. Bondeni hapakuwa na wa kumzungusha. Alimkuta mhadhiri mwenyewe anabeba viti, akambebea viwili, wakaingia chumba ambamo wanafunzi wa mwaka wa pili walikuwa wanamsikiliza mama mmoja aliyefukuzwa nyumba. Walikuwa wanamsomea notisi yake kwa sauti, mstari kwa mstari. Koma alisimama mlangoni akasikiliza mpaka mstari wa mwisho. Tuseme ukweli, moyo wake ulihamia Bondeni siku ile ile na godoro lake.

Lakini Mnara ni Mnara, jamani. Ukisema umesoma Mnara, mtu anakusogezea kiti. Ukisema Bondeni, anakuuliza bonde gani. Koma alilijua hilo vizuri, maana alikuwa akiwaona mawakili pale langoni wanavyosalimiana kwa kuulizana mwaka waliomaliza Mnara. Alichora mstari katikati ya karatasi, huku Mnara, huku Bondeni, akajaza pande zote mbili, akaichana. Akachora nyingine.

Sasa aingie Mjomba. Mjomba ni kaka wa mama yake, kaka wa pekee, na ni wakili, tena wa Mnara. Ofisi yake iko ghorofa ya tatu, ina zulia, na ina katibu anayekuuliza una miadi hata kama umezaliwa naye. Kwenye ukoo hakuna anayemwita jina, wote humwita Wakili, hata mama mkwe wake. Vyumba viwili wanavyokaa Koma na mama yake viko kwenye kiwanja cha Mjomba, bila kodi, tangu baba Koma afariki. Hilo halikusemwa kila siku, lakini lilikuwa linajulikana kila siku. Mama Koma ni mshonaji wa sare za shule, na cherehani yake iko dirishani hapo hapo kwa Mjomba.

Mjomba ana binti, umri sawa na Koma. Walisoma darasa moja, dawati moja, na kazi za hesabu za nyumbani mara nyingi ziliandikwa na mkono mmoja. Si msichana mbaya, ni mvivu kidogo tu na mwepesi wa kulia. Yeye naye aliomba sheria, Bondeni na kwingine. Koma alipomuuliza, akasema amekosa kote, akaangalia pembeni. Koma alimwonea huruma mpaka akaona aibu kumwonyesha barua zake.

Jumapili moja, tarehe kumi na tano, Mjomba alikuja nyumbani na mikate miwili na soda. Alikaa kwenye kiti chenye mto. Alizisoma barua zote mbili, ile ya Bondeni akaishika kwa vidole viwili. Kisha akaanza kusema, na Mjomba akisema ujue amelipwa kwa kazi hiyo. Alisema yeye amewaona wenye akili waliojifungia milango kwa kuogopa gharama. Alisema cha bure kina kikomo chake, kwamba miaka minne itapita lakini jina la chuo litabaki kwenye ukuta wa ofisi mpaka mtu anazikwa. Alisema wanaoajiri hawasomi alama, wanasoma nembo. Alimkumbusha habari za baba yake, kwamba leo marehemu angefurahi namna gani. Hapo Koma alilengwalengwa na machozi, na Mjomba akaona.

Akaweka chini glasi ya soda. "Mwanangu, waandikie Bondeni uwaambie asante. Utakwenda Mnara. Mimi mwenyewe nitakuwa mdhamini wako."

Koma alifungua mdomo. Kuna kitu kilimgusa kwenye neno lile, kidogo tu, kama uzi uliobaki kwenye nguo. Alitaka kuuliza, mdhamini kwa maana ipi, Mjomba? Lakini kabla hajatoa sauti mama yake akapiga vigelegele. Na mama Koma si mtu wa vigelegele. Harusini hukaa viti vya nyuma, akichangamka sana hupiga makofi. Siku ile alivipiga mpaka majirani wakachungulia dirishani kuuliza kuna posa? Koma akacheka, akamkumbatia mama, akamkumbatia Mjomba, na swali likapotelea humo.

Fomu ya Mnara ilikuwa mezani. Mjomba aliichukua, akaikunja ukurasa anaoutaka, akatia saini kwa kalamu yake ya wino, akatoa muhuri wa ofisi mfukoni akagonga. Akaitia bahasha akaibandika. Muda wote ule Koma alikuwa anagawa mkate. Jumatatu akaifikisha bahasha dukani ili aipeleke Mnara mchana, na akachapa barua yake ya kujiondoa Bondeni, mistari sita. Mzee Mihuri akaiangalia bahasha.

"Umeisoma?"

"Amesaini Mjomba."

"Sikukuuliza nani amesaini," Mzee akasema.

Koma akacheka. Akamwambia huyu ni Mjomba wangu, Mzee, si mteja. Mzee akarudi kwenye mihuri yake. Barua ya Bondeni ilichukuliwa na katibu wa Mjomba, aliyetumwa maalumu kuifuata. Koma aliona huo ni upendo wa ajabu, mtu kumsumbua katibu wake kwa ajili ya mpwa. Unaona mtu anavyoweza kupigwa changa la macho na akashukuru.

Wiki mbili zikapita. Mnara wakamwita kwenye dirisha la mhasibu. Nyuma ya kioo alikaa mwanamke mwenye penseli kichwani, amechoka na watu, lakini si mkali. Akamwambia fomu yako ina pengo. Koma akasema haiwezekani, imejazwa na wakili. Mwanamke akaigeuza akaisukuma chini ya kioo, akaweka kucha kwenye karatasi.

Ukurasa ulikuwa na visanduku viwili. Cha juu kiliandikwa MDHAMINI: mtu anayethibitisha kwamba anamfahamu mwombaji na tabia yake. Hapo palikuwa na saini ya Mjomba, ya kupendeza, na muhuri wa ofisi umekaa sawa bila kupinda. Cha chini kiliandikwa MFADHILI: mtu atakayelipa ada. Hapo palikuwa peupe.

Mwanamke akamweleza taratibu, kama wanavyoelezwa watu wa langoni, kwamba mdhamini halipi, mdhamini anasema tu namjua huyu. Maneno yale yale. Koma alisikia maneno yake mwenyewe yanatoka kwenye mdomo wa mtu mwingine, akaona uso unawaka moto. Yeye. Koma. Anayerudisha hati mara nne. Mtaani yeyote anayetoa hela watu humwita mdhamini, hata wa mashindano ya mpira, na Jumapili ile alilisikia neno kwa masikio ya mtaani. Mjomba alilitamka kwa ulimi wa mahakamani.

Akapanda ghorofa ya tatu bila miadi. Njia nzima alikuwa anamtetea Mjomba moyoni: amepitiwa, ana mambo mengi, amekosea kisanduku. Alimkuta anasaini barua. Mjomba hakushtuka hata kidogo, na hilo lilimtisha Koma kuliko kelele. Akamsikiliza mpaka mwisho, akafunika kalamu.

"Nilisema nini Jumapili ile? Nilisema mdhamini," akasema. "Nilisema mfadhili?"

Koma akasema Mjomba, wote tulielewa. Mjomba akamjibu kwamba kuelewa si kusikia, na mtu anayetaka kusoma sheria bora alijue hilo mapema, ahesabu leo kapata somo la kwanza bila ada. Akatabasamu kwa mzaha wake. Halafu akamshauri aulizie mikopo benki, na kwamba mwaka mmoja wa kusubiri haujawahi kumuua mtu. Akabonyeza kengele, katibu akafungua mlango.

Koma alishuka ngazi ameshika ukuta. Alilia kwenye kituo cha pili cha ngazi, ghorofa ya kwanza, pale penye ndoo ya mchanga wa zimamoto, akalia kwa hasira kuliko huzuni. Bado alikuwa anadhani ameahidiwa halafu mtu akaghairi, sasa anajificha nyuma ya neno. Ulikuwa uchungu, lakini ni uchungu unaoeleweka, watu hughairi. Nyumbani alimsimulia mama. Mama alikuwa anashona kola, hakuinua kichwa. Akasema tu pole, mwanangu, Mungu atafungua njia nyingine. Cherehani haikusimama.

Kesho yake ilikuwa Jumatano. Kwenye saa tano mama akaingia dukani. Ni mara chache sana mama kuja pale, na siku ile alikuwa amevaa viatu vya kutokea. Alimsalimia Mzee Mihuri, akakaa kwenye benchi la wateja, akatoa bahasha kwenye mkoba. Akasema Mjomba ameituma, amefikiria jana akaona si vizuri, anajaribu kuyaweka sawa mambo ya chuo. Kuna pa kusaini tu, pamewekwa alama ya penseli, na kiapo Mjomba atakigongea muhuri ofisini kwake mwenyewe, Koma asihangaike.

Koma akatoa karatasi tatu zilizobanwa pembeni. Alama ya penseli ilikuwepo. Alichukua kalamu, na mkono ukafika kweli, nusura asaini. Mzee Mihuri alikuwa kwenye kabati amewapa mgongo. Hakugeuka. Aligonga tu kaunta mara moja kwa kidole.

Koma akaweka kalamu chini. Akaweka kidole kwenye mstari wa kwanza akaanza kusoma kwa sauti, kama anavyowasomea wateja wote. Ilikuwa hati ya kiapo, na mwapaji ni yeye. Kwamba alipewa nafasi ya ufadhili katika Chuo cha Bondeni. Kwamba amejiondoa kwa hiari yake. Kidole kikashuka. Kwamba hakushawishiwa, hakulazimishwa wala hakuahidiwa chochote na mtu yeyote. Sauti ikaanza kukwaruza. Kwamba hana pingamizi nafasi hiyo akipewa mwombaji anayemfuata kwenye orodha ya wanaosubiri. Na jina la mwombaji likafuata, majina matatu kamili, na la mwisho lilikuwa la Mjomba.

Karatasi ya pili, kiambatisho cha kiapo, ilikuwa barua ya Bondeni kwenda kwa binamu yake, kwamba amekosa nafasi kwa sasa ila yeye ndiye wa kwanza kwenye orodha, aliye juu yake akijiondoa ataipata. Koma aliisoma tarehe. Tarehe tatu. Mikate na soda vilikuja tarehe kumi na tano. Karatasi ya tatu ilikuwa masharti ya Mfuko: kwa kuwa miaka ya nyuma wapo wazazi waliowaondoa watoto wao kwa siri, barua peke yake haitoshi, mwombaji lazima aape. Hati isipofika kabla ya saa kumi jioni ya Ijumaa, kujiondoa kutahesabika hakukuwepo.

"Soma tena," Mzee Mihuri alisema, bado amewapa mgongo. "Ni mara mbili."

Akasoma tena. Mara hii hakuwa anaiangalia karatasi sana, alikuwa anamwangalia mama. Na mtu aliyekulea unamjua. Alikuwa anatafuta mshtuko kwenye uso ule, alikuwa anauomba, mshtuko kidogo tu ungetosha. Akasoma jina la binamu mara ya pili. Mama alikuwa anafungua na kufunga kishikizo cha mkoba.

"Ulijua," Koma akasema.

Mama akasema alijua. Tangu lini? Tangu kabla ya Jumapili ile. Kaka yake alimwita ofisini, akamkalisha kwenye zulia lake, akamweleza.

Mashine ya nakala ilikohoa ikajizima. Halafu swali likamjia, akatamani lisije. "Na vile vigelegele, mama?"

Mama alijibu chini chini, akiongea na mkoba. "Nilikuona unafungua mdomo unataka kuuliza. Nilipiga ili usiulize."

Jamani. Kuna kuumizwa, na kuna hilo. Mjomba alimwingiza mkenge, sawa, Mjomba ni wakili na ana binti yake. Lakini sauti ya furaha ya mama, ambayo Koma alilala nayo wiki mbili, akiikumbuka anatabasamu kwenye mto, kumbe ilikuwa mkono wa kumziba mdomo.

Mama akaanza kusema haraka haraka. Akasema wanakaa kwa nani, Koma anajua. Akasema kaka yake hajawahi kumdai shilingi tangu amefiwa. Akasema yule binti mwingine ana moyo mwepesi, amekosa kila mahali, halali, hali, baba yake anaogopa atajidhuru. Kisha akamtazama mwanawe kwa mara ya kwanza tangu aingie. "Wewe ukianguka unainuka. Yule akianguka analala hapo hapo."

"Ndiyo mkaona niangushwe mimi," Koma akasema.

Mama alisogeza kalamu kidogo tu, kwa ncha ya kidole, kuelekea upande wa mwanawe. Hakuisukuma sana. Lakini aliisogeza, na Koma aliiona.

"Siapi, mama. Hapa pameandikwa sikuahidiwa chochote na mtu yeyote. Ni uongo, na ninyi wawili mnajua ni uongo, mnataka niuapie kwa jina langu."

Mama akamwambia afikirie watalala wapi. Koma akasema amefikiria. Hakuwa amefikiria, lakini alisema hivyo. Mama akasimama, akalinyoosha gauni, akamuaga Mzee Mihuri kwa heshima zote, akatoka na viatu vyake vya kutokea. Bahasha aliiacha juu ya benchi.

Ijumaa Koma aliomba ruhusa, akaenda Bondeni kwa miguu yake. Hakumtuma mtu. Alikaa kwenye korido ya kile kiwanda cha viatu toka saa nne, kwenye kiti cha mbao, akiangalia saa ya ukutani mpaka ikagonga saa kumi, na hakuna hati iliyofika. Karani akatoka, akamwambia jalada lake liko kama lilivyokuwa, akampa fomu ya kujisajili. Koma akasema asante. Siku zote alidhani siku hiyo ikifika ataruka. Alitembea tu mpaka nyumbani.

Jioni ile ile ujumbe wa Mjomba ulifika, umeandikwa kwa Kiswahili safi, kwamba vyumba atavihitaji mwisho wa mwezi kwa matumizi ya familia. Neno familia Koma alilisoma mara mbili. Mama aliendelea kushona, sare za watu zilikuwa zinadaiwa. Walikula pamoja, walipakuliana, waliambizana chumvi iko wapi. Jumapili mama akaiona fomu mezani, akaisoma polepole, akafika kwenye kisanduku. Akafuta mikono kwenye kanga. Akasema sauti ndogo kwamba hapo angesaini yeye, yeye ndiye mama, nani anamjua Koma kuliko yeye? Koma aliikunja fomu akaitia kwenye mkoba wake.

Jumatatu asubuhi, kabla watu wa dhamana hawajaanza kuingia, aliiweka fomu mbele ya Mzee Mihuri. Bondeni hawakuwa na kisanduku cha mfadhili, maana kulipa ni kazi ya Mfuko. Palikuwa na kimoja tu. Mzee akavaa miwani, akaangalia neno lililoandikwa juu yake, akamwangalia msichana.

"Hapa huwa anasaini mzazi," akasema. "Mama yako je?"

"Mama nampenda," Koma akasema. "Lakini hapa wanataka mdhamini."

Mzee alisogeza fomu karibu na dirisha penye mwanga, akaweka kidole chini ya mstari wa kwanza, akaanza kusoma kwa sauti.